Alexandria kwa siku moja: vituo vinne vinatosha

Kutoka Cairo hadi Alexandria ni kilomita 220 hivi. Ukipita barabara ya jangwani, hesabu saa mbili na nusu hadi tatu kwa gari. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana kabisa. Kinachoharibu siku ni ratiba iliyojazwa vituo vinane ili tangazo la kampuni ya utalii livutie. Wewe chagua vinne, vingine waachie wenye wiki nzima.

Panga safari yako kati ya Jumapili na Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi ni wikendi ya Misri, na wakati wa joto watu wa Cairo humiminika ufukweni. Toka hotelini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukijivuta hadi saa mbili, foleni ya Cairo itakula asubuhi yako.

Kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Bei imejumuisha viingilio? Imejumuisha chakula? Anayekuongoza ana leseni, au ni dereva tu anayeijua njia? Mwongoza watalii mwenye leseni ana kitambulisho, na kuomba kukiona si utovu wa adabu. Majibu yote yaje kwa maandishi WhatsApp.

Beba kadi ya benki inayokubalika kimataifa, kwa sababu vivutio vingi vya kale havipokei tena taslimu kutoka kwa wageni. Kama ni mwanafunzi, usisahau kitambulisho cha chuo ambacho muda wake haujaisha; punguzo lake ni kubwa. Noti ndogondogo za pauni ya Misri ziwe mfukoni kwa ajili ya choo na bakshishi.

Anzia Kom el-Shoqafa, makaburi ya chini ya ardhi ya enzi za Warumi. Wahi kabla mabasi hayajashusha watu, maana njia zake ni nyembamba. Utashuka ngazi za kuzunguka karibu 100, kwa hiyo vaa viatu vya kufunika vyenye soli isiyoteleza. Inasimuliwa kwamba mahali hapa paligunduliwa mwaka 1900, punda alipotumbukia shimoni. Chini kuna ukumbi ambamo ndugu wa marehemu walikaa wakala chakula cha kumbukumbu. Usipite mbio. Mwambie mwongozaji akuoneshe Anubis, mungu wa Misri mwenye kichwa cha mbweha, akiwa amevalishwa sare ya askari wa Kirumi. Mchanganyiko huo ndio Alexandria yenyewe.

Karibu na hapo ipo Nguzo ya Pompey, graniti nyekundu ya Aswan, urefu wake mita 27 hivi. Hapa mpime mwongozaji wako: muulize nguzo ni ya nani. Jibu sahihi ni kwamba ilisimamishwa kwa heshima ya Kaizari Diocletian, na Pompey, jemadari wa Kirumi, alikuwa ameshauawa zaidi ya miaka 300 kabla yake. Akijibu vizuri, muulize mengi zaidi siku nzima. Akibabaika, ujue utasoma mwenyewe. Nusu saa inatosha hapa.

Kituo cha tatu ni ngome ya Qaitbay, iliyojengwa na sultani wa jina hilo mwaka 1477, palepale uliposimama mnara wa taa wa kale. Msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuona mnara huo mara mbili. Mwaka 1326 ubavu wake mmoja ulikuwa umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 haukuingilika tena. Panda hadi madirisha ya juu upate picha ya bahari. Nje utafuatwa na wauza shanga na wenye magari ya farasi. Sema "la, shukran" mara moja, kisha endelea kutembea. Ukisimama kujieleza, umeshaingia kwenye biashara.

Kula samaki hapohapo mtaa wa Anfushi. Unamchagua mwenyewe kwenye barafu, anapimwa kwa kilo, kisha anachomwa au kukaangwa. Uliza bei ya kilo na gharama ya kumpika kabla hajaingia jikoni. Mgahawa ambao kampuni ya utalii imekupangia mara nyingi ni ghali na wa kawaida tu, kwa hiyo omba chakula kiondolewe kwenye kifurushi.

Mchana, jua likiwa kali, ingia Maktaba ya Alexandria. Hii ni ya kisasa, ilifunguliwa mwaka 2002; ile ya kale haina jengo la kuonesha. Ukuta wa nje umechongwa herufi za hati takribani 120 za dunia, na ukumbi wa kusomea umepangwa kwa viwango 11 vinavyoshuka. Begi kubwa acha garini. Saa za kufungua hubadilika, hasa mwisho wa wiki, basi mwongozaji apige simu siku moja kabla.

Bustani za Montaza? Ziruke. Ziko mwisho kabisa wa mashariki mwa jiji, na foleni ya kwenda huko itakugharimu kuliko utakachokiona.

Ukitaka kutembea kando ya bahari, usikatize barabara ya Corniche kiholela. Magari hayapunguzi mwendo. Tafuta njia ya chini ya ardhi hata kama iko mbali kidogo. Desemba hadi Februari beba koti la mvua, kwa kuwa dhoruba za Mediterania hupiga ghafla na mawimbi hurukia barabarani.

Anza kurudi saa kumi na moja jioni. Unaogopa foleni? Kata tiketi ya treni ya daraja la kwanza ya kwenda kituo cha Ramses, Cairo, na uikate mapema, maana viti vya jioni huisha haraka.