SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KULINDA HATI ZA KIELEKTRONIKI ZISIBADILISHWE

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kwamba hati inayotumwa kwa kompyuta au simu yaweza kubadilishwa njiani pasipo kuacha alama ya kufutwa wala ya wino.

Tuchukue mfano. Kituo cha Utafiti wa Kilimo Uyole, mkoani Mbeya, kimetoa mbegu za maharage ziitwazo Uyole 94 na Uyole 96. Majina hayo yanatofautiana kwa tarakimu moja tu. Iwapo muuzaji atamtumia mteja wake, awe Iringa au Unguja, hati ya mauzo, na mtu mwingine akageuza 6 kuwa 4, mkulima atapokea mbegu asiyoikusudia, naye huenda akatambua hayo shamba likiwa limekwisha kupandwa.

Wengi hudhani kwamba hati ya PDF ikifungwa kwa neno la siri isihaririwe, imesalimika. Sivyo. Kufuli hilo humzuia mwungwana tu. Zipo programu zisizoliheshimu, na mwenye nia mbaya aweza kuiandika upya hati nzima. Vivyo hivyo, picha ya saini au ya muhuri si kinga, kwani hunakiliwa na kubandikwa penginepo.

Kinga ya kweli ni kufanya kila badiliko lijulikane. Hiyo ndiyo kazi ya saini ya kidijiti. Programu hukokotoa alama maalumu kutokana na maudhui yote ya hati, kisha huifunga kwa ufunguo wa siri alionao mtumaji peke yake. Tarakimu moja ikibadilika, alama hailingani tena, na mpokeaji anapoikagua saini hupata onyo.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua saini ya kielektroniki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huo huo inahesabu kughushi data za kompyuta kuwa kosa la jinai.

Kwa hiyo inashauriwa:

(a) Hati isainiwe kidijiti kabla ya kutumwa.

(b) Nakala asili ihifadhiwe masjala, pamoja na tarehe na saa ya kutumwa.

(c) Fedha, idadi na majina yenye namba yaandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.

(d) Mpokeaji mwenye shaka athibitishe kwa simu, kwa namba aliyoijua tangu awali, si ile iliyomo katika hati.

Ofisi isiyo na saini ya kidijiti ianze na (b), (c) na (d), ambazo hazihitaji ununuzi wa chombo chochote kipya.