Mathenge Uwanjani: Vifaa vya Michezo Kutokana na Mti Vamizi

Mti wa mathenge ulipandwa Baringo, Turkana na Tana River miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa. Ukashika, ukasambaa, ukafunga malisho. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walifika mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo, kielelezo cha yale ambayo maganda matamu ya mathenge huyafanyia meno ya mifugo.

Siku hizi mathenge mwingi huishia kwenye tanuri la makaa. Ni hasara, kwani mbao yake ni ngumu, na ikikaushwa vyema haipindi ovyo. Ukitaka kuchonga vifaa vya michezo, taabu ni shina: limejikunja, na kipande kilichonyooka ni kifupi. Milingoti ya goli isahau. Gongo la mchezo wa raunda nalo litamlemea mtoto. Anza na kijiti cha mbio za kupokezana. Kanuni za riadha zinaruhusu mbao, mradi kijiti kiwe bomba laini la kipande kimoja, urefu sentimita 28 hadi 30, kipenyo milimita 40 hivi, uzito usiopungua gramu 50. Vishikio vya kamba ya kuruka pia vinafaa.

Unapoenda kukata, vaa viatu vya soli nene. Mwiba wa mathenge hutoboa hata tairi. Ukishakata, toa gome mapema kabla bungua hawajaingia. Paka ncha rangi ya mafuta zisipasuke, kisha panga vipande kivulini, hewa ipite katikati. Pima kimoja kwa mizani kila wiki. Uzito ukikoma kupungua, mbao iko tayari.

Toboa kwanza, kereza baadaye. Ukianza kukereza, tundu likienda upande, ukuta mmoja hubaki mwembamba na kijiti hupasuka kikianguka. Tundu la milimita 30 linatosha. Noa patasi mara kwa mara, mbao hii hula makali, na ufunike pua na mdomo. Maliza kwa msasa, kisha rangi angavu ili mkimbiaji akione.

Kisiki kikiachwa huchipua upya, hivyo fukua ukate mzizi chini ya udongo. Maganda yasisafirishwe pamoja na magogo: mbuzi wakiyala njiani, mbegu hupita tumboni mwao zikiwa hai na kuota huko. Na soko likichangamka, asitokee mtu wa kupanda mathenge shambani. Mathenge ukiisha, mashine yako ya kukereza itakereza mkaratusi. Kabla ya kupakia gari, uliza ofisi ya misitu kuhusu kibali cha kusafirisha mbao.