KUHESABU VITU VINAVYOFUATANA

Muhula huu mwalimu wetu wa kilimo alinipa kazi ya kusoma daftari la mvua na kumwambia ni siku ngapi mfululizo zilizopita bila mvua, apate kujua kama maharage ya shamba la shule yapandwe upya. Niliandika programu kwa lugha ya Python. Siku ya mvua niliiita M, siku kavu K, hivi:

MMKKKMKKKKK

Kwanza nilitumia kamusi, yaani mahali ambapo kila jina huwekwa mara moja tu pamoja na idadi yake. Jibu likawa M 3, K 8. Nikatangaza kwa fahari kwamba ukame ulidumu siku nane. Mvulana mmoja wa kidato cha kwanza akauliza, "Kaka, mbona katikati pale tulilowa tukitoka shambani?" Nilitahayari sana. Kamusi ilihesabu sawasawa, ila nilichoiuliza sicho alichotaka mwalimu. Yenyewe hutoa jumla, na vikundi vyote vya K huvichanganya pamoja.

Basi nikachukua orodha, ambayo hutunza mpangilio, na ndani yake nikaweka jozi za herufi na idadi. Programu hutazama jozi ya mwisho: herufi ikifanana na ya leo, idadi huongezwa moja; ikiwa mbali, jozi mpya huanzishwa. Nikapata M 2, K 3, M 1, K 5. (Jozi ya Python yenye mabano ya duara haikubali kubadilishwa, jambo hili lilinipotezea saa nzima ya jioni. Tumieni mabano ya mraba.)

Lakini kwa swali la mwalimu hata orodha ni mzigo. Namba mbili zatosha: hesabu ya sasa, ambayo hurudi sifuri mvua inyeshapo, na hesabu kubwa iliyopata kuonekana. Hapa nako nilijikwaa, kwani nilizilinganisha pale tu herufi ilipobadilika. Baada ya K ya mwisho hapakuwa na herufi nyingine, kwa hiyo kikundi kile hakikupimwa, nikapata 3! Nilipozilinganisha kila siku, 5 ikatoka. Nikampelekea mwalimu karatasi mpya jioni ile ile, kabla mbegu hazijatolewa ghalani.