Mtoto Mgomvi Naye Anaweza Kuwa Msaidizi



Kamati zinapopitia majina ya watoto wanaofadhiliwa, wakati mwingine hutolewa hoja ya kumwondoa mtoto fulani kwa sababu ni mgomvi. Husemwa kwamba mtoto wa namna hiyo hana huruma, hivyo ada yake inapotea bure. Somo la robo hii linapima hoja hiyo.

Wengi wetu tunadhani kuwa ugomvi na moyo wa kusaidia ni kama mizani: upande mmoja ukipanda, mwingine hushuka. Mwaka 1937 mwanasaikolojia wa Marekani, Lois Barclay Murphy, alichapisha matokeo ya kuwachunguza watoto wa chekechea. Kwa jumla, watoto walioonyesha huruma zaidi kwa wenzao walikuwa pia wepesi wa kugombana. Mtoto anayejichanganya na wenzake hupata nafasi nyingi za kusaidia, na nyingi za kugombana. Anayekaa pembeni hukosa zote mbili. Hivyo basi, ukimya si ushahidi wa huruma, wala ugomvi si ushahidi kwamba huruma haipo.

Aidha, ugomvi huigwa. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya jaribio kwa watoto 72. Waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa walimwiga, hata maneno yake. Kwa sababu hiyo, mlezi anayekomesha ugomvi kwa kipigo anaonyesha kwa mkono kile anachokikataza kwa mdomo.

Kusaidia nako hujengwa kwa kutenda. Mfano wa karibu unatoka kwa Waluo wa Oyugis, magharibi mwa Kenya, katika utafiti wa Carol Ember uliochapishwa mwaka 1973. Nyumba isiyo na binti wa umri unaofaa ilimpa mvulana kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kama kulea mtoto mchanga na kusaidia jikoni. Wavulana waliofanya sana kazi hizo za ndani walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wavulana wengine.

Kutokana na hayo, tunapendekeza:

1. Mtoto asiondolewe kwenye ufadhili kwa sababu ya ugomvi pekee. Kamati izungumze kwanza na mlezi na mwalimu, ijue mtoto anaona nini nyumbani.

2. Apewe jukumu la kweli la kuwahudumia wengine, kwa mfano kugawa uji au kuwasaidia wadogo kusoma. Mtu mzima awepo, na anayeumiza wenzake asiachwe peke yake na wadogo.

3. Taarifa kwa wafadhili itaje pande zote mbili: aligombana na nani, na alimsaidia nani. Mfadhili anayesoma makosa tu hawezi kumjua mtoto anayemsomesha.

Tukimfukuza mtoto wa namna hii, ugomvi wake atakwenda nao mtaani, na nafasi ya kujifunza kusaidia tutakuwa tumemnyang'anya sisi.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Je, katika orodha yetu yupo mtoto tunayemjua kwa ugomvi wake tu?

2. Ni kazi gani ya kuwahudumia wengine tunaweza kumpa mwezi huu, na nani atamsimamia?