Sonona: mambo ya kushika Kavimvira

Mafuriko ya Aprili 2020 yalibomoa nyumba Uvira na kuacha maelfu bila makao. Hasara ya vitu ilionekana. Ya moyoni ilifichika. Kavimvira, mtaa wa Uvira ambako mto, ziwa na vita vimehamisha watu mara kwa mara, haiwezi kuinyamazia.

Huzuni ya msiba ni ya kawaida. Ila mtu akikosa hamu, usingizi na nguvu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, huenda ni sonona. Ni ugonjwa, si uvivu wala kurogwa.

Mazungumzo kwanza. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Uganda, wanakijiji wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wasiokutana. Matokeo yalichapishwa 2003. Kavimvira, kwaya au kikundi cha likelemba (kuchangiana fedha kwa zamu) ni pa kuanzia.

Mwili usikae. Kutembea asubuhi, kulala saa ileile, kazi ndogo moja kwa siku. Pombe kali ya kanyanga huzidisha huzuni.

Anayetaja kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na ndugu amsindikize.