Somo la Sataranji: Mfalme Asiye na Njia

Katika kiuthi, mchezo wa Wakamba, aliyeteka kete nyingi ndiye mshindi. Sataranji sivyo. Basi vijana wa Kitui na Makueni wanaoshindana na shule nyingine na waangalie neno hili. Mfalme akishambuliwa asiweze kuokoka, amefungwa, na mshindi hupata alama 1. Lakini zamu ikiwa yake, naye hakushambuliwa, wala hana kete yoyote iwezayo kusogea, mchezo ni sare: kila mmoja hupata nusu. Kwa hiyo, hata ukiwa na malkia na mwenzako amebaki na mfalme peke yake, usiharakishe. Kama humshambulii, mwachie nyumba moja ya kukimbilia. Nusu alama hiyo yaweza kuinyima shule yako ushindi.