Ziwa Linaposhuka: Mafunzo Niliyopata Ghuba ya Mwanza

Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka hadi kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana kwa takriban miaka 80. Ukame ulichangia, na pia maji mengi yaliyoachiwa kupitia mabwawa ya umeme ya Jinja. Sisi tuliokuwa tukivuka Ghuba ya Mwanza kwa boti tulijifunza mengi.

1. Jiwe la kuogopa ni lile lisiloonekana. Mwamba uliochomoza kila mtu anaukwepa. Ule uliobaki shibiri moja chini ya maji ndio unaovunja pangaboi na kupasua mbao. Upepo ukivuma, tafuta povu linaloumka mahali pamoja huku pembeni kukiwa shwari. Jua likikukabili, punguza mwendo, kwa sababu mng'ao wake unaficha kila kitu.

2. Njia ya mwaka jana si ya leo. Kwenye maji ya kina kifupi, kupungua kwa mita moja kunabadili ramani yote. Angalia na mzigo pia: boti iliyopita salama asubuhi ikiwa tupu inaweza kugonga jioni ikiwa imesheheni magunia na abiria.

3. Pondo lina sauti. Karibu na mwalo, nahodha makini huinua mashine, na kijana husimama mbele na pondo. Kwenye tope linazama kimya na kutoka jeusi. Kwenye mchanga linakwaruza. Kwenye jiwe linatoa mlio mkavu, na mtikisiko wake unapanda hadi kiganjani. Hapo kijana anainua mkono na boti inasimama. Abiria, msimharakishe.

4. Hatari si mawe peke yake. Kuna visiki, nguzo za magati ya zamani na nyavu zilizotelekezwa. Wavu wa nailoni ukijisokota kwenye pangaboi, mashine inazimika, na upepo unawasukuma mnakotaka kukwepa.

5. Weka alama maji yakiwa chini, kwa sababu yatarudi. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 2019 zilipandisha ziwa hadi, kufikia Mei 2020, likapita rekodi ya 1964. Mawe tuliyoyaona 2006 yalifunikwa kwa zaidi ya mita mbili. Lakini kati ya viwango hivyo viwili kuna miaka ambayo jiwe lilelile linajificha chini kidogo tu ya uso wa maji, na hiyo ndiyo miaka ya kupoteza watu.

Wavuvi wazee wanazijua sehemu zenye mawe hayo kwa kulinganisha kilima na mti ulio ufukweni. Elimu hiyo isiishie vichwani mwao. Ziwa likishuka tena, kila mwalo utoe boti, uweke maboya juu ya miamba, na uandike mahali ilipo kwenye daftari ambalo nahodha yeyote mgeni anaweza kulisoma kabla hajawasha mashine.